Filamu nne za mwaka 2019 na swali la nani analipa: uzoefu wangu kama mtazamaji Mkristo

Kati ya filamu za mwaka 2019 nilizozitazama, nne zimebaki nami kuliko nyingine zote, na kila moja kwa njia yake inagusa jambo ambalo sisi Wakristo tunalisikia kila sikukuu ya mavuno na kulisahau kesho yake asubuhi, yaani mtu kumweka Mungu juu ya mali yake. Filamu hizo ni A Hidden Life, Parasite, Corpus Christi na The Two Popes. Sizipimi kwa wingi wa tuzo wala kwa uhodari wa kamera, ingawa nitataja vyote viwili. Nazipima kwa swali moja tu: mhusika anapoamua kuachilia kitu kwa ajili ya imani, gharama inamwangukia nani? Filamu inayonijibu swali hilo waziwazi naiamini, na ile inayolikwepa, hata ikiwa tamu kiasi gani, naiona imenidai muda wangu bure.

A Hidden Life, iliyoongozwa na Terrence Malick, ndiyo ninayoiweka mbele ya zote. Inamhusu Franz Jägerstätter, mkulima wa kijiji cha St. Radegund huko Austria, aliyezaliwa mwaka 1907, akaoa mwaka 1936, akawa mtunza sakristia wa kanisa la kijijini, kisha akakataa kula kiapo cha utii kwa Hitler alipoitwa jeshini, na kwa kukataa huko akauawa kwa kukatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943 katika gereza la Brandenburg. August Diehl ndiye anayemwigiza, na Valerie Pachner anamwigiza mkewe Franziska, ambaye nyumbani wanamwita Fani. Kanisa Katoliki lilimtangaza Franz kuwa mwenyeheri mwaka 2007 mjini Linz, na mjane wake, aliyekuwa na umri wa miaka 94, alihudhuria ibada hiyo.

Jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba Malick hakumfanya mtu huyu aonekane hana anachokipenda duniani. Franz anaingia kwenye kumbukumbu za mkewe akiwa juu ya pikipiki, na wasimulizi wa maisha yake wanasema alikuwa mtu wa kwanza kijijini kwao kumiliki chombo hicho, alichokinunua kwa fedha alizozipata migodini. Alikuwa kijana aliyejua raha ya kutazamwa na watu anapopita. Baadaye ana shamba, ana ng'ombe, ana binti watatu wanaocheza kwenye nyasi zilizokatwa, na filamu inatumia muda mrefu sana, wengine watasema mrefu kupita kiasi, kutuonyesha mikono ikifyeka, ikifunga matita, ikikamua maziwa na kuokota viazi. Mtazamaji anayetaka kisa kisonge mbele haraka atachoka. Mimi nilielewa nia yake kadiri saa zilivyokwenda, kwa sababu mali inayoachwa lazima kwanza tuijue na kuipenda, la sivyo kuiacha kwake hakutatuuma hata kidogo. Mahubiri mengi kuhusu anasa hushindwa papo hapo: yanaiita mali takataka tangu mwanzo, halafu yanatutaka tushangae kwamba mtu ameitupa.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 19, Yesu anapotaja vitu ambavyo mtu anaweza kuviacha kwa ajili ya jina lake, anataja nyumba, ndugu, wazazi, watoto na mashamba katika pumzi moja. Filamu hii inafuata mpangilio huo huo bila kuunukuu. Serikali inatoa posho kwa familia, na Franz anaikataa kwa kuwa hataki kula mkate wa utawala anaoupinga. Hapo bado ni uamuzi wake, na gharama yake inaonekana ndogo. Kisha kijiji kinaanza kumgeuka, na baada ya yeye kukamatwa, gharama yote inahamia kwa Fani. Majirani hawamsalimii, watoto wake wanasemwa, na kazi za shamba zinabaki mikononi mwake, mwa dada yake na mwa mama mkwe ambaye kwa muda mrefu anamlaumu yeye kwa uchaji wa mwanawe. Kuna tukio ambalo wanawake wawili wanalima bila mnyama, mmoja akikokota mbele na mwingine akisukuma nyuma, na udongo hautaki kupinduka. Hakuna muziki mtamu wa kufunika uzito ule. Yeyote aliyekulia shambani atajua jinsi mgongo unavyolia anapowatazama.

Kwa sababu hiyo nasema filamu hii ina uaminifu ambao hata vitabu vyetu vya watakatifu mara nyingi havina. Inakubali kwamba mume akichagua Mungu, mke na watoto wanaweza kulipa deni ambalo hawakulikopa. Nje ya filamu, historia inathibitisha: Franziska alinyimwa pensheni ya ujane hadi mwaka 1950, miaka 5 baada ya vita kwisha, kwa kuwa mumewe hakuhesabiwa kuwa miongoni mwa waliokufa kwa ajili ya nchi.

Tukio nililolirudia kulitazama ni la hakimu Lueben, anayeigizwa na Bruno Ganz, mwigizaji mkubwa aliyefariki Februari 2019 kabla filamu haijaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Hakimu anamwita Franz faragha, anamuuliza kama anamhukumu, na Franz, kwa sauti ya chini, anakataa kujifanya mwamuzi wa mtu mwingine. Anachosema ni kwamba hawezi kutenda jambo analoamini ni ovu. Franz anatolewa nje. Hakimu anabaki peke yake, anaketi kwenye kiti kile kile cha mfungwa, anaweka mikono juu ya magoti kama alivyokuwa ameiweka mfungwa, na anaitazama. Mtu mwenye cheo, mshahara na joho anajaribu kuona kiti cha asiye na chochote kinakaliwaje. Wakati mwingine, wakili anapomwambia Franz kwamba akitia sahihi karatasi ataachiliwa huru, yeye anajibu kwamba yuko huru tayari.

Kasoro zipo, na sitazificha. Filamu inakaribia saa tatu. Wahusika wakuu wanazungumza Kiingereza, ilhali askari na wanakijiji wanaokasirika wanafoka kwa Kijerumani kisichotafsiriwa, na matokeo yake ni kwamba wema wana maneno na waovu wana kelele tu, jambo ambalo naliona si haki kwa wanakijiji waliokuwa na hofu zao. Sauti za sala na barua zinazosomwa juu ya picha ni nyingi hivi kwamba unayetazama kwenye simu, kwa spika ndogo, utazikosa nusu yake. Tumia vipokea sauti vya masikioni, na usiitazame ukiwa umechoka. Nina hakika pia hakuna DJ yeyote wa vibanda vyetu vya video atakayejisumbua kuitafsiri hii, maana ukimya wake ungemwacha bila kazi.

Parasite, ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, haina Mkristo wala sala, na huenda msomaji akashangaa kuikuta hapa. Ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2019, kisha Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda tuzo ya Oscar ya filamu bora. Familia ya Kim inaishi kwenye chumba kilichozama nusu chini ya ardhi, na mmoja baada ya mwingine wanajipenyeza kwa ujanja katika kazi za nyumba ya tajiri Park. Nimeiweka katika orodha hii kwa sababu sijaona filamu nyingine inayoeleza vizuri hivyo kwa nini mali ni bwana mgumu. Mama Kim, akinywa pombe sebuleni mwa tajiri aliyesafiri, anasema kwamba yeye naye angekuwa mpole kama angekuwa na fedha zile, na kwamba fedha ni pasi, inanyoosha mikunjo yote. Nimesikia wazo hilo hilo kwenye mahubiri ya mafanikio, limevishwa aya za Biblia na mwaliko wa kupanda mbegu: pata kwanza, utakatifu utafuata. Mama Kim angalau hakumwomba mtu sadaka kwa ajili ya wazo hilo.

Kisha inanyesha mvua usiku kucha. Nyumba ya akina Kim inafurika maji ya choo, nao wanalala kwenye ukumbi wa michezo pamoja na majirani waliokosa makazi. Asubuhi, mama Park yumo ndani ya gari, anapanga sherehe kwa simu, anaishukuru mvua kwa kuisafisha hewa, huku dereva wake, yule yule aliyepoteza kila kitu usiku ule, akimsikiliza kimya. Mama Park ananusa harufu fulani na kufungua dirisha. Yeye si mtu mbaya, na ubaya wa tukio lote uko hapo, kwa kuwa mali imemwondolea uwezo wa kujua kwamba mvua moja ilikuwa baraka kwake na gharika kwa aliyeshika usukani mbele yake. Kuhusu jiwe ambalo kijana wa Kim analetewa kama zawadi ya kuvuta utajiri, na analolikumbatia hata maji yanapopanda, sitasema zaidi, nisije nikamharibia asiyeiona. Ila nikiulizwa sanamu ya karne yetu ina sura gani, nitalitaja lile jiwe.

Corpus Christi ya Jan Komasa, kutoka Poland, ilishindana na Parasite kwenye tuzo za Oscar katika kundi la filamu za kimataifa na ikashindwa. Daniel, anayeigizwa na Bartosz Bielenia mwenye macho yasiyosahaulika, ni kijana aliyetoka kwenye jela ya watoto, anatamani upadri, lakini rekodi yake ya jinai inamfungia mlango wa seminari. Anatumwa kijijini kufanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na kwa uongo mmoja uliofuatwa na mwingine anajikuta akishika nafasi ya paroko. Anapoketi kwenye kitubio kwa mara ya kwanza, anatafuta maneno ya maondoleo kwenye simu yake. Nilicheka, halafu nikaona aibu kidogo kucheka.

Kwa swali langu, tukio la maana ni lile la kubariki kiwanda. Mwenye kiwanda, ambaye ndiye meya, anataka baraka fupi, picha na makofi. Daniel, akiwa na mavazi yake ya ibada, anapiga magoti kwenye matope, wote wanalazimika kupiga magoti naye, suti na viatu vya ngozi vikizama, na sala yake inataja uchoyo kwa jina lake. Haiwezekani kuitazama bila kukumbuka hafla zetu za kuweka wakfu magari na maduka, ambapo anayesali anajua bahasha iko mfukoni mwa nani. Hata hivyo filamu inakataa kumtakasa Daniel: anajua pia utamu wa kuheshimiwa, na gharama ya uongo wake inawaangukia watu wa kijiji waliomfungulia majeraha yao.

The Two Popes, iliyoongozwa na Fernando Meirelles, niliitazama kwa furaha kubwa na kuifikiria kidogo. Anthony Hopkins na Jonathan Pryce, wakiigiza Papa Benedikto XVI na Kardinali Bergoglio, ambaye baadaye akawa Papa Fransisko, wanacheza kama wachezaji wawili wazee wanaojua kila pasi ya mwenzao, na mazungumzo yao mengi ni ya kubuni. Viatu vyekundu vinavyokataliwa, piza na Fanta kwenye chumba kando ya kanisa la Sistine, tiketi ya ndege anayojinunulia Papa mpya kwa simu hadi mhudumu anadhani ni mzaha: hivi vyote vinapendeza, ila ni unyenyekevu usiomgharimu mtu chochote. Filamu inapata uzito inaporudi Argentina baada ya mapinduzi ya mwaka 1976, pale Bergoglio anapokumbuka mapadri wawili wa shirika lake la Wajesuiti waliotekwa, naye akijiuliza kama alilinda shirika akawaacha watu. Hapo tu ndipo swali la nani analipa linaulizwa. Nilitamani kikao cha pili cha kitubio, kile cha Benedikto, kisifunikwe sauti namna ile. Na wapenda historia watafurahia kujua kwamba Benedikto huyo huyo ndiye aliyeidhinisha Franz Jägerstätter aitwe shahidi mnamo Juni 2007.

Kwa anayetaka kuzitazama na jumuiya au kikundi cha vijana, The Two Popes inafaa karibu kila mtu na ni mlango mzuri wa kuingilia. Parasite na Corpus Christi zina damu na matukio ya kitandani, kwa hiyo waachiwe watu wazima, na mwongozaji wa kikundi azitazame mwenyewe kwanza. Nakala nilizozipata mimi hazikuwa na maandishi ya Kiswahili, hivyo mpangeni mtu mmoja wa kuwaeleza wazee panapobidi. A Hidden Life igawanywe kwa jioni mbili, na pakatieni pale Franz anapoondoka kwa treni kwenda kujisalimisha, ili jioni ya pili ianze na Fani akiwa peke yake shambani. Na kama mna jioni moja tu, chukueni hiyo ya pili.