Majokofu ya Kuonyeshea Chakula Dukani: Lipi Linunuliwe Kwanza, Lipi Liachwe Mwisho

Mwenye duka la chakula anapokwenda kununua jokofu la kuonyeshea bidhaa, kwa kawaida huchagua kwa macho: ukubwa wa kioo, mng'ao wa taa, idadi ya rafu na jinsi chupa zinavyopendeza zikiwa zimepangwa. Hayo yana nafasi yake, kwa kuwa mteja hununua anachokiona, lakini kazi ya kwanza ya jokofu ni kulinda chakula kisiharibike, na kazi hiyo haiwezi kuonekana katika ukumbi wa muuzaji wenye kiyoyozi na milango isiyofunguliwa. Kwa sababu hiyo nimezipanga aina zilizopo kwa kipimo kimoja tu: je, saa ya joto kali kuliko zote mchana, duka likiwa limejaa watu, chakula kilichopo safu ya mbele kitabaki chini ya nyuzi 5 za selsiasi?

Kiwango hicho si cha kubuni. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kinachoharibika haraka kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana kwa kasi. Chakula kilichogandishwa nacho hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Niliwahi kusimama mbele ya jokofu ambalo kioo chake kidogo cha tarakimu kilionyesha nyuzi 3, huku kipimajoto nilichokichomeka katikati ya pakiti za maziwa za safu ya mbele kikisoma 9. Jokofu halikuwa bovu. Mhudumu alikuwa amepanga katoni juu ya matundu ya chini yanayovuta hewa irudi kwenye feni, na kihisi cha jokofu, ambacho hupima hewa iliyo karibu na mabomba ya baridi, hakikuwa na namna ya kujua maziwa yana hali gani. Tarakimu za mlangoni hueleza hali ya hewa ya ndani, na si lazima hali ya chakula iwe hiyohiyo.

Kabla ya kulinganisha aina, soma kibati kilichobandikwa kwenye jokofu au karatasi ya maelezo yake. Majokofu ya madukani hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23953, ambacho huyapa daraja la mazingira na daraja la bidhaa. Daraja la 3 la mazingira maana yake jokofu lilijaribiwa katika chumba chenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Daraja la 4 ni nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 55. Daraja la 5 ni nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 40. Upande wa bidhaa, M1 ni jokofu linalohifadhi chakula kati ya nyuzi 1 chini ya sifuri na nyuzi 5, ilhali M2 huruhusu mpaka nyuzi 7. Jokofu la daraja la 3 likiwekwa katika duka linalofika nyuzi 33 adhuhuri, litafanya kazi bila kupumzika na bado litashindwa, na hakuna fundi atakayeliponya, kwa sababu kosa lilifanyika siku ya kununua. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha daraja hilo kwa maandishi, mwache uende kwingine.

Nafasi ya kwanza nalipa jokofu la wima lenye milango ya vioo na kompresa yake ndani, yaani pampu inayozungusha gesi ya kupozea, la daraja la 4 au la 5 la mazingira na daraja la M1 la bidhaa. Linachomekwa kwenye soketi, linahamishika, likiharibika linaharibika peke yake, na mlango wake huzuia hewa ya joto ambayo ndiyo adui mkubwa wa baridi. Chagua lenye vioo vya tabaka mbili, milango inayojifunga yenyewe, feni ya ndani na taa za LED, kwa kuwa taa za zamani huongeza joto ndani ya jokofu unalolipia kupoza. Hapa kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: majokofu yaliyotengenezwa kwa ajili ya soda na maji yanafanana sana na haya, na mara nyingi ni rahisi zaidi, lakini yamekusudiwa vinywaji ambavyo haviharibiki vikifika nyuzi 8. Usiweke nyama wala maziwa humo mpaka umethibitisha daraja lake la bidhaa.

Gesi ya kupozea nayo ni sehemu ya ununuzi. Nashauri R290, ambayo ni propani iliyosafishwa, au R600a iliyo ya jamii hiyohiyo. Sababu ya kwanza ni kwamba hupoza vizuri kwa umeme mdogo. Sababu ya pili ni kwamba gesi za zamani zinaondolewa: kwa uzito uleule, R404A huongeza joto la dunia karibu mara 3,900 kuliko kaboni dioksaidi, na R134a karibu mara 1,400, ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza hatua kwa hatua. Anayenunua jokofu la R404A leo ananunua kifaa ambacho gesi yake itazidi kuadimika kabla chenyewe hakijachakaa. Propani inawaka, kwa hiyo mtengenezaji huweka kiasi kidogo tu, na fundi atakayelifungua lazima awe amefunzwa kazi hiyo, asitumie moto wa kuchomelea kabla ya kuitoa gesi yote na kufungua chumba kipitishe hewa. Wala asikubadilishie gesi nyingine kwa kuwa ndiyo aliyonayo kwenye mkoba.

Nafasi ya pili ni ya friza la kulala lenye vioo vya kuteleza juu, kwa bidhaa zilizogandishwa. Hewa baridi ni nzito; mteja akifungua kioo cha juu, baridi hubaki chini kama maji ndani ya beseni, wakati friza la wima humwaga baridi yake sakafuni kila linapofunguliwa. Umeme ukikatika, friza la kulala lililojaa hudumu muda mrefu zaidi. Kasoro yake ni kula nafasi ya sakafu, na mengi hayana mfumo wa kuyeyusha barafu yenyewe: barafu ya ukutani ikifikia unene wa milimita 5 hivi, lazima litolewe bidhaa na kuyeyushwa. Barafu isikwanguliwe kwa kisu, kwani bomba likitoboka, gharama ya kuliziba inaweza kukaribia bei ya friza lenyewe.

Nafasi ya tatu ni mfumo wa majokofu yenye milango ya vioo ambayo kompresa zake zipo nje au katika chumba cha mitambo. Kwa duka kubwa ningeupandisha mpaka wa kwanza bila kusita. Jokofu lenye kompresa ndani hurudisha dukani joto lote lililotolewa kwenye chakula pamoja na umeme lililotumia. Ukiwa na majokofu kumi ya namna hiyo, kiyoyozi chako kinapambana na majokofu yako mwenyewe. Mfumo wa nje hulitupa joto hilo nje na kupunguza kelele. Lakini una mabomba marefu yenye viungo vingi, na kila kiungo ni mahali gesi inapoweza kuvuja. Kompresa ikisimama, majokofu yote yanayoitegemea yanasimama. Usiununue kama huna mkataba na fundi anayeweza kufika siku hiyohiyo.

Ya nne ni kaunta ya vioo inayohudumiwa na muuzaji, inayofaa nyama, samaki, jibini na vyakula vilivyopikwa. Uzuri wake hauna mshindani, lakini nimeishusha kwa sababu ni ngumu kuiendesha. Kaunta inayopoza kwa feni hukausha uso wa nyama na kuufanya uwe mweusi. Ile isiyo na feni, ambamo hewa baridi hushuka yenyewe kutoka kwenye mabomba, haikaushi sana ila hupoza polepole. Chakula kinapaswa kutolewa usiku na kuhifadhiwa kwingine, na kaunta ioshwe kila siku, pamoja na sahani za chini ambako damu na maji hujikusanya. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji azinyanyue sahani hizo mbele yako. Zikihitaji bisibisi, hazitaoshwa.

Jokofu la wima lililo wazi mbele, lisilo na mlango, naliweka mwisho, na sioni duka dogo linalopaswa kulinunua. Linategemea pazia la hewa baridi linaloshuka kutoka juu, na takriban robo tatu ya mzigo wake wa baridi hutokana na hewa ya dukani inayopenya pazia hilo. Feni ya darini, mlango wa duka unaofunguka mbele yake, hata mteja anayepita kwa haraka, vyote hulivuruga. Kama tayari unalo, nunua pazia la kushusha usiku, usipange bidhaa kupita mstari wa mwisho uliochorwa pembeni, na uulize bei ya kulifungia milango ya vioo, kwani kwa majokofu mengi jambo hilo linawezekana.

Kuhusu majokofu yaliyotumika, naogopa zaidi kutojua lilikotoka kuliko umri wake. Likague likiwa linafanya kazi kwa saa kadhaa, uone kama kompresa inapumzika, utafute kutu chini na alama za mafuta kwenye viungo vya mabomba, maana mafuta hutoka pamoja na gesi inayovuja.

Utunzaji nauweka kabla ya usimikaji kwa kuwa ndio unaopaswa kuamua ununuzi. Kondensa, yaani ule wavu wa mabomba na mapezi membamba unaotoa joto, usafishwe kila mwezi, na mara nyingi zaidi palipo na unga au mafuta ya kukaangia. Nimeshafungua jokofu lililosemekana kuisha gesi, nikakuta vumbi limeshikamana na mafuta likawa kitambaa cha kijivu kinachobanduka kizima kwa vidole. Baada ya kupigwa brashi kwa kufuata mwelekeo wa mapezi, jokofu lilirudi katika hali yake jioni ileile bila gesi kuongezwa. Gesi haiishi kwa kutumika, kwa sababu mfumo umefungwa. Fundi anayeongeza gesi kila baada ya miezi michache bila kutafuta inapovujia hajatengeneza kitu. Basi, ukiwa dukani kwa muuzaji, uliza kondensa iko wapi na uone kama mhudumu wako ataifikia bila kulisogeza jokofu.

Raba ya mlango hupimwa kwa karatasi: ifungie mlangoni, kisha ivute, ikitoka bila kukwama, raba imelegea hapo, nawe rudia pande zote nne. Tundu la kutolea maji lizibuliwe kwa maji ya vuguvugu kila wiki, kwa kuwa dimbwi chini ya rafu kwa kawaida hutokana na tundu hilo kuziba. Barafu nene kwenye mabomba ya ndani huashiria mlango usiofunga au mfumo wa kuyeyusha barafu uliokufa, na kupunguza joto kwenye thamostati, yaani kitufe cha kupangia kiwango cha baridi, huzidisha tatizo.

Wakati wa kusimika, liweke mbali na jua, jiko, mlango wa nje na upepo wa feni. Acha nafasi ya nyuma na juu kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza, mara nyingi sentimita 10 hadi 15. Lisawazishwe kwa pima maji, la sivyo milango haitajifunga na maji hayatafuata njia yake. Lipewe soketi yake lenyewe yenye waya wa ardhi, bila waya wa kuunganishia, pamoja na kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme kwa dakika 3 hadi 5 unaporudi baada ya kukatika, ili kompresa isiwashwe ikiwa bado ina shinikizo. Kama lilisafirishwa limelazwa, lisimamishe mpaka siku ya pili kabla ya kuliwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Siku ya makabidhiano, liwashe likiwa tupu hadi lifikie baridi yake, kisha ulijaze bidhaa ambazo tayari ni baridi, kwa kuwa majokofu ya kuonyeshea yameundwa kutunza baridi, na kupoza chakula cha moto si kazi yake. Weka vipimajoto vitatu katikati ya bidhaa: mbele juu, katikati, na nyuma chini. Andika vinachosoma asubuhi, saa ya joto kali na usiku, huku duka likiendelea na kazi kama kawaida, na umwombe muuzaji akubali kwa maandishi kwamba salio litalipwa baada ya saa 24 hizo, kama kipimajoto cha mbele juu hakijavuka nyuzi 5.