Freti za utumbo kwenye luti: zinashika vizuri, ila zinataka mkono

Kwenye luti yangu, ala ya nyuzi ya jamii ya gitaa, nimezing'oa freti za nailoni (vile vitanzi vinavyofungwa kuzunguka shingo, ambapo uzi hubanwa kubadili sauti) na kufunga za utumbo wa mnyama shingo nzima. Niliagiza nyuzi za unene unaopungua: milimita 1.00 kwa freti ya kwanza, kushuka hadi 0.65 kwa ya nane. Usishawishike kununua unene mmoja tu kwa sababu ni rahisi kuagiza. Freti ya nne ikiwa nene kuliko ya tatu, uzi wa kupigia unaoubana kwenye ya tatu utaigusa ya nne na kukwaruza.

Kazi yenyewe iko kwenye kufunga. Kwanza nauvuta utumbo kwa koleo mpaka uache kunyumbuka; usipovutwa sasa, utalegea wenyewe baadaye. Shingo ya luti hupanuka kuelekea kwenye mwili wa ala, kwa hiyo freti naifungia karibu na kichwa, fundo likikaa ukingoni upande wa besi, halafu naisukuma taratibu hadi mahali pake. Kila inavyosogea ndivyo inavyojikaza. Ncha nazikata fupi na kuzichoma: utumbo unasinyaa na kuacha kijitone kigumu kinachozuia fundo lisifumuke. Harufu ni ile ya nywele zilizoungua, kwa hiyo fungua dirisha. Na kinga mbao kwa kipande cha kadi, moto haujui vanishi.

Nailoni hudumu zaidi, sikatai. Lakini huteleza, na fundo lake sijawahi kuliamini. Utumbo unang'ata mti, unakaa pale nilipouweka, ila bado unakubali kusukumwa kidogo ninapotaka kubadili mpangilio wa sauti. Kwa anayepiga muziki wa karne ya 16 hilo ni jambo kubwa, maana nusu-sauti zake, yaani hatua za sauti kutoka freti moja hadi inayofuata, mara nyingi hazikuwa sawa zote.

Ubaya ni uchakavu. Nyuzi za besi zilizozungushiwa waya huchimba vijifereji kwenye freti za mwanzo, na kijifereji kikizama sauti inaanza kukwaruza. Hapo hakuna dawa ila kufunga nyingine. Hewa ikikauka, shingo nayo hunywea na freti hulegea. Hapo nachomeka kibanzi chembamba cha mbao chini yake, nyuma ya shingo, inakaza tena.

Nyota nne kati ya tano. Nitakapoagiza tena, nitachukua akiba ya unene wa freti tatu za kwanza tu. Zile za juu bado nzima.