Redis OM kwenye mizani ya mahindi Kibaigwa: uzoefu wangu

Msimu wa mahindi ukichanganya pale soko la Kibaigwa, Dodoma, hakuna wa kukusubiri uhangaike na kompyuta. Gunia linapanda mizani, karani anaingiza kilo, linashuka, lingine linapanda. Ndiyo maana mfumo wa ghala ninaouhudumia nimeujenga juu ya Redis, hifadhidata ya ufunguo na thamani inayoweka data kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kujibu papo hapo. Katikati ya Redis na programu yangu ya Python nimeweka Redis OM, maktaba inayokuwezesha kuhifadhi na kutafuta rekodi za Redis kwa klasi za Python. Naipendekeza kwa moyo mmoja, ila kuna kazi moja ambayo siikabidhi hata kidogo.

Anayeijua Redis tupu atanielewa. Ukihifadhi mzigo kama hashi, yaani rekodi ya sehemu na thamani zake chini ya ufunguo mmoja, kila thamani ni maandishi tu. Unaweka kilo 98.5, ukiisoma unapewa maandishi, kuyageuza kuwa namba ni juu yako. Ukitaka mizigo yote ya mahindi, huna pa kuuliza, labda uwe umetunza mwenyewe seti ya funguo zake: mzigo ukiingia uongeze, ukitoka uondoe. Pakisahaulika kuondoa hata ufunguo mmoja, ripoti inahesabu gunia ambalo limeshapakiwa kwenye lori na kwenda zake.

Redis OM inakuondolea adha hiyo. Unaandika klasi moja, Mzigo, unataja sehemu zake: zao, mkulima, kilo. Ukaguzi unafanywa na Pydantic, maktaba ya Python ya kukagua data, kabla data haijafika Redis. Kwenye kilo nimeweka kikomo cha 100, kwa hiyo lumbesa ikipanda mizani na karani akaandika 130, mfumo unakataa hapohapo, dalali akiwa bado amesimama. Kwangu hilo peke yake linatosha kuitumia. Lumbesa imewanyonya wakulima wetu miaka mingi, na mahali pa kuizuia ni kwenye mizani, si kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi.

Utafutaji nao ni raha. Naandika hivi:

Mzigo.find((Mzigo.zao == "mahindi") & (Mzigo.kilo > 90)).all()

Narudishiwa mizigo kamili, kilo zikiwa namba. Sharti ni kwamba sehemu unazotafutia uzitie alama ya faharasa (index), kisha uendeshe Migrator ili faharasa ijengwe. Pia seva yako iwe na injini ya utafutaji: Redis Stack inayo, na Redis 8 imekuja nayo ndani. Kwenye Redis ya zamani iliyo tupu, kuhifadhi hashi na kuisoma kwa ufunguo wake kutafanya kazi, lakini find haitakujibu.

Sasa ile kazi nisiyoikabidhi: kuhesabu. Amri ya save huandika rekodi nzima, si ile sehemu uliyobadilisha tu. Chukua ghala lenye mizani mbili. Mkulima ana magunia 40 kwenye daftari. Makarani wawili wanasoma rekodi yake kwa wakati mmoja, kila mmoja anaona 40, anaongeza moja, anahifadhi. Daftari linasema 41, chini kuna magunia 42. Hakuna kosa lolote litakalotokea kwenye skrini. Wa mwisho kuandika ndiye anayebaki. Kwa mkulima, gunia hilo ni ada ya mtoto.

Kwa hiyo hesabu zote nazipeleka Redis moja kwa moja kwa HINCRBY, amri ya Redis ambayo inaongeza namba ndani ya hifadhidata yenyewe bila kusoma kwanza. Maktaba haikufungii mlango: db inakupa muunganisho, key inakupa ufunguo wa rekodi. Kumbuka tu kwamba ukipita njia hiyo Pydantic haikagui kitu, kwa hiyo kilo kamwe sizipitishi huko.

Jambo jingine kwa wanaoanza. Ufunguo wa kila rekodi hubeba jina la moduli na la klasi, kisha kitambulisho cha ULID chenye herufi 26. Ukihamishia klasi kwenye faili lingine, jina la moduli linabadilika, na rekodi za zamani hutazipata ingawa zipo. Weka model_key_prefix, yaani mwanzo wa ufunguo unaouchagua mwenyewe, ndani ya Meta, sehemu ya mipangilio ya klasi, tangu siku ya kwanza. Ukibadilisha jina la sehemu, Migrator itajenga upya faharasa, lakini data ya zamani itabaki na jina lake la zamani. Script ya kuihamisha utaiandika mwenyewe.

Na kwa kuwa data iko kwenye RAM, umeme ukikatika bila maandalizi, yote iliyoingia tangu nakala ya mwisho ya diskini imekwenda. Washa AOF, faili ambalo Redis huandikia kila badiliko diskini; kwa kawaida haiji ikiwa imewashwa. Kwa mpangilio wake wa kuandika diskini kila sekunde, utapoteza takriban sekunde moja ya maandishi. Ghalani kwetu hilo ni gunia moja, na bado liko juu ya mizani.