TAHADHARI: Sensa ya joto la nje inayosoma 25 asubuhi, mchana na usiku

Wenye magari Nairobi, chungeni. Kuna sensa za joto la nje zinauzwa ambazo ndani hazina sensa. Ni resista, kipande chenye upinzani wa umeme usiobadilika, ya kilo-omu 10, ya bei ya peremende, imefichwa kwa plastiki nyeusi na gundi. Ikifungwa, dashibodi inaonyesha nyuzi 25, AC inapuliza baridi, unalipa kwa M-Pesa na kwenda zako. Asubuhi ya Julai ukipanda Limuru Road, vioo vimejaa ukungu, bado 25.

Ujanja huu unapita kwa sababu sensa halisi ni thamista: joto likipanda, upinzani hushuka. Baadhi hupima kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25, basi kwenye magari yake resista ya kiasi hicho huidanganya kompyuta bila shida. Na sensa ya zamani ikikatika ndani, magari mengi husoma -40 au vistari, na mengine huzima kompresa ya AC yakidhani nje kuna barafu. Hapo tapeli mwingine huingia: "Gesi imeisha." Kesho yake, "Kompresa imekufa." Usinunue kompresa kabla ya kuangalia hiyo namba.

Kwanza hakikisha sensa ndiyo mbovu. Kwa kawaida iko nyuma ya bampa la mbele au grili. Kwenye magari mengine imo ndani ya kioo cha pembeni. Chomoa plagi, washa swichi bila kuwasha injini, pima kwa mita ya umeme nyaya mbili za upande wa gari: iwe karibu volti 5. Hakuna volti? Tafuta waya uliokatika, hasa kama bampa liliwahi kugongwa na kurudishwa. Volti zikiwepo, pima sensa yenyewe. Mita ikionyesha imekatika, hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Kusoma 36 baada ya kukwama kwenye jam ya Thika Road si ubovu. Hilo ni joto la injini, litashuka gari likishika mwendo. Lisiposhuka, chungulia kama fundi wa bodi aliiacha sensa ikining'inia karibu na rejeta.

Dukani, weka mita kwenye omu, gusa pini zote mbili, soma. Fumbata kichwa cha sensa kwa dakika mbili: namba lazima ishuke. Kibane kwenye chupa ya soda iliyotoka friji: ya kilo-omu 10 itapanda kuelekea 20. Kuna modeli zenye kipimo tofauti, lakini thamista isiyosogea kabisa haipo. Muuzaji akikataa upime, au akisema "funga kwanza utaona", rudisha simu mfukoni.

Umeshafungiwa? Soma namba alfajiri, kisha saa nane mchana gari likiwa mwendoni. Zikilingana, ing'oe, ipime mbele ya aliyekuuzia na udai pesa zako.