Mlo wa mchana wa Krismasi kwenye mgahawa wa Kifaransa, na glasi sita za mvinyo: uzoefu wangu

Nianze na jibini, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tulikuwa tumekaa mezani zaidi ya saa mbili. Dada anayeshughulikia mvinyo akaja na chupa fupi, nene, yenye mabega mapana, akatumimina kidogo sana, vidole viwili hivi. Rangi yake ni dhahabu iliyokolea. Nilipoonja, ukali wake ulinishtua. Unanukia jozi, unanukia tufaha lililokatwa likaachwa hewani, na nyuma kabisa kuna kitu kama bizari. Nikamtazama dada yangu, naye akanitazama. Hakuna aliyeupenda.

"Sasa chukua jibini kwanza, utafune, halafu unywe," akatuambia yule dada.

Ilikuwa Comté, jibini ngumu ya maziwa ya ng'ombe ya milima ya Jura, iliyokatwa vipande virefu vyembamba. Ukiikagua kwa karibu unaona chembe nyeupe ndogo ndani yake, nazo zinavunjika kwenye meno kama chumvi ya mawe. Nikatafuna, nikanywa. Ule ukali ukakaa kimya. Jibini ikatoa utamu ambao sekunde chache kabla haukuwepo, na mvinyo ukawa laini. Nilirudia mara tatu kuhakikisha sijidanganyi.

Mvinyo huo unaitwa vin jaune, yaani mvinyo wa manjano, na unatoka Jura hukohuko inakotoka jibini. Unatengenezwa kwa zabibu aina ya Savagnin. Kwa kawaida mvinyo ukipungua ndani ya pipa hujazwa ili hewa isiuharibu. Huu hawaujazi. Wanauacha upungue, na juu yake inatanda ngozi nyembamba ya chachu inayoulinda na kuupa ile harufu ya jozi. Sheria inataka uwekwe miaka sita na miezi mitatu kabla ya kuuzwa. Hata chupa yake ina ujazo wa pekee, sentilita 62, na wenyewe husema ndicho kiasi kinachobaki katika lita moja baada ya kusubiri kote huko. Nilipoelezwa hivyo, vile vidole viwili kwenye glasi niliviona kwa jicho lingine.

Haya, turudi mwanzo. Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, dada yangu na shemeji. Menyu ya sikukuu ilikuwa moja kwa meza nzima, na kila sahani ilikuja na glasi yake. Shemeji hagusi pombe, na nilikuwa na wasiwasi kwamba atawekewa soda na kusahaulika. Haikuwa hivyo. Tulipoweka nafasi walituuliza kama kuna asiyekunywa, na siku yenyewe naye akawa na safari yake: juisi ya zabibu isiyokolea sukari, juisi ya peasi, na kwenye nyama akaletewa chai nyeusi iliyopozwa, chungu kidogo, iliyokata mafuta vizuri kabisa. Hilo peke yake lilinifanya niwaheshimu.

Ukienda kwenye mlo wa namna hii, jua kwamba mpangilio wake ndio roho yake. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na katika yaliyotajwa kuhusu mlo huo yamo kulinganisha chakula na mvinyo, kupamba meza, na ule mtiririko wa kinywaji cha kufungua, sahani zisizopungua nne, jibini kabla ya kitindamlo, na kinywaji cha kufungia. Kwa hiyo usishangae jibini ikitangulia keki.

Tulifungua kwa shampeni na vitobosha vidogo vya jibini, vyepesi kama hewa, vinavyoitwa gougères. Vilikuwa vya moto na viliisha kabla hatujaanza kuzungumza.

Kisha chaza. Sita kwa kila mtu, wabichi, juu ya barafu iliyopondwa, pamoja na mkate wa shayiri nyeusi na siagi yenye chumvi. Pembeni kulikuwa na bakuli dogo la siki yenye vitunguu vilivyokatwakatwa, na nilishaanza kuichota pale mhudumu aliponisihi nionje wa kwanza mtupu, bila chochote. Alisema kweli. Siki inaua mvinyo, na mvinyo wenyewe ulikuwa Chablis, mweupe, mkavu, baridi, wenye ukali unaofanya kazi ileile ya ndimu. Unalimwa kaskazini mwa Burgundy kwa zabibu za Chardonnay, kwenye udongo wa chokaa uliojaa magamba ya chaza wadogo waliogeuka mawe tangu enzi ambapo eneo hilo lilikuwa chini ya bahari. Mume wangu hajawahi kupenda chaza. Alikula wanne, wawili nikamsaidia.

Baada yake ikaja foie gras, ini la bata lililononeshwa, kipande baridi juu ya mkate uliookwa, na Sauternes, mvinyo mweupe mtamu, glasini. Nitasema wazi kwamba hii ni sahani yenye ubishi, kwa sababu bata hulishwa kwa nguvu ili ini linenepe, na dada yangu aliikataa kwa sababu hiyo. Waliijua kazi yao: hakuna aliyemhoji, akaletewa supu ya uyoga. Mimi nilikula, na niliyoikumbuka zaidi ni Sauternes. Huko, kusini mwa Bordeaux, maji baridi ya mto Ciron hukutana na ya Garonne yenye joto kidogo, na asubuhi za vuli ukungu hutanda mashambani. Unyevu huo huleta kuvu kwenye zabibu. Kuvu hutoboa ganda, maji hutoka, sukari hubaki. Wachumaji hupita shambani mara kadhaa wakichagua zile tu zilizonyauka ipasavyo. Ladha yake ni asali na aprikoti, lakini ina ukali wa kutosha kukata mafuta ya ini.

Tatizo la kunywa kitu kitamu hivyo mapema ni kwamba mvinyo mwekundu unaofuata unaweza kuonekana mkavu kama vumbi. Walilijua hilo. Kabla ya nyama wakaleta kijiko cha barafu ya tufaha iliyomwagiwa kalvado, pombe kali ya tufaha, desturi ya Normandy iitwayo trou normand, nasi tukapumzika kama dakika 20. Ulimi ukasafishika, tumbo likapata nafasi.

Nyama ilikuwa jogoo aliyehasiwa wa Bresse. Kuku wa Bresse wana jina lililolindwa kisheria tangu 1957, nao wana manyoya meupe, upanga mwekundu na miguu ya buluu, rangi zote tatu za bendera ya Ufaransa. Yule wa Krismasi hufugwa miezi isiyopungua minane, na akishachinjwa hushonewa ndani ya kitambaa kilichokazwa ili mafuta yaingie kwenye nyama. Ndiyo maana paja la kwangu lilichanika kwa uma tu, na ngozi ilikuwa kavu ikilia mdomoni. Mchuzi wa krimu na uyoga ulikuwa mzito kuliko nilivyopenda. Mvinyo mwekundu wa Burgundy, Pinot Noir mwepesi wenye harufu ya cheri, ulistahili kabisa, ila ulifika tukiwa tumeshakula nusu. Kwa mlo ambao mvinyo ndio sababu ya kuja, hilo si kosa dogo. Waliomba radhi, wakatuongezea nyama kidogo ili glasi isikae peke yake.

Kosa lililoniuma lilikuwa mwishoni. Kitindamlo kilikuwa bûche de Noël, keki iliyoviringishwa kama gogo, ya chokoleti nyeusi, nzuri mno, na mistari ya gome la mti imechorwa kwa uma. Wakamimina shampeni ileile ya mwanzo, aina ya brut. Brut ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. Ukiinywa baada ya tonge la keki tamu, inakuwa chachu kama ndimu, na keki nayo inapoteza ladha. Glasi zote tatu zilirudi jikoni zikiwa nusu. Wangetoa Banyuls au Maury, ile mivinyo mitamu myekundu ya Roussillon inayopendana na chokoleti, au basi hata shampeni ya demi-sec, iliyo tamu zaidi. Mgahawa uliofikiria barafu ya tufaha kati ya glasi mbili ungeweza kulifikiria na hili.

Kwa anayetaka kwenda: tenga saa nne, usipange jambo jingine jioni hiyo, na mwenye kuendesha gari asiwe miongoni mwa wanaokunywa. Glasi ni ndogo lakini ni sita. Asubuhi kula kidogo tu. Na ukiweka nafasi, uliza kabisa ni mvinyo gani unakuja na kitindamlo.

Mimi nilimwambia yule dada wa mvinyo kuhusu Banyuls tulipokuwa tunavaa makoti. Akatoa kalamu, akaandika nyuma ya menyu. Shemeji, ambaye hakuwa ameonja hata tone, aliomba ile chupa tupu ya sentilita 62, na sasa iko dirishani kwake na tawi moja la msonobari ndani yake.