Jiko la kuchomeka kwenye simu: uzoefu wangu na vifaa vitatu

Kwa wenye haraka, jibu ni hili: kipasha kikombe usinunue. Kifeni cha kuwashia mkaa, nunua kama una simu ya zamani usiyoionea uchungu. Kipimajoto cha nyama, kama mfuko unaruhusu, chukua. Vyote vitatu nimevipata Kariakoo, mtaa wa Aggrey na vichochoro vyake, na vyote viliuzwa kwa sifa ileile kwamba vinatumia simu. Tatizo ni kwamba viwili vinatumia betri ya simu, kimoja kinatumia akili yake.

Kipasha kikombe ni kisahani cha plastiki chenye bati katikati, upana wa kiganja, na waya wa USB. Muuzaji aliniongezea OTG bure, kile kiungio kidogo cha kuchomekea waya wa USB kwenye simu. "Dada, hii haichagui. Kompyuta, pawa benki, mpaka simu. Umeme umekatika, wewe unakunywa chai ya moto." Maneno matamu hayo, hasa kwetu ambao umeme hutukimbia chai ikiwa mezani. Chini ya kisahani kuna kibandiko kimeandikwa 5V 2A, kwa herufi ndogo kama za masharti ya mkopo. Maana yake kinataka wati 10. Sasa tundu la simu, kwa kiwango cha kawaida cha USB 2.0, hutoa miliampia 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5 basi. Simu yangu ilikipokea, taa nyekundu ikawaka, halafu ukaja ujumbe kwamba kifaa kinavuta umeme mwingi mno, kikakatwa. Nikaazima simu ya mdogo wangu. Hiyo haikukata, ila bati liliishia kuwa vuguvugu, na simu yenyewe ikawa ya moto kuliko bati.

Tupige hesabu kidogo. Betri ya mAh 5,000 iliyojaa ina nishati kama wati-saa 19. Maji ya mililita 250, kutoka nyuzi 25 hadi yachemke, yanahitaji karibu wati-saa 22. Kwa hiyo simu ikitoa kila ilicho nacho mpaka izime, bila hata chembe ya joto kupotea njiani, kikombe kimoja cha chai bado hakijachemka. Birika la umeme la wati 2,000 linaimaliza kazi hiyo kwa dakika moja hivi. Kuikandamiza simu ichemshe maji ni kuionea.

Muuzaji, nilipompigia, alijitetea vizuri: kipasha hakichemshi, kinatunza joto. Haya. Nikamimina chai kutoka birika moja kwenye vikombe viwili vinavyofanana. Kimoja nikakiweka juu ya kipasha kilichochomekwa kwenye simu ya mdogo wangu, cha pili nikakifunika kwa kisahani cha kawaida cha udongo na kukiacha mezani. Baada ya nusu saa, cha kwenye kipasha kilisoma nyuzi 52, kilichofunikwa 61. Kisahani cha kabati la mama kimeshinda, na hakina waya. Sababu si ngumu: joto la chai huondoka zaidi kwa juu, pamoja na mvuke, wakati kipasha kinasukuma joto kidogo kutoka chini. Tena vikombe vyetu vingi vina ukingo kwenye kitako, hivyo kati ya kikombe na bati panabaki hewa, na hewa haipitishi joto kirahisi.

Nikakichomeka kwenye kichwa cha chaja ukutani, hapo kikafufuka kidogo, chai ikabaki ya kunyweka. Lakini hapo simu haina kazi tena, na umeme ukiwepo ukutani, nani anahitaji kisahani? Kuna chupa ya chai. Imejaa asubuhi, saa sita bado inaunguza ulimi.

Wazimu huu haukuanza na simu zetu. Mwaka 1999 Handspring ya Marekani ilitoa kompyuta ya mkononi iitwayo Visor, na mgongoni ilikuwa na mwanya ulioitwa Springboard wa kuchomeka vifaa vya ziada. Vilikuwepo vya kamera, vya GPS, vya muziki, hata cha kuigeuza kompyuta hiyo kuwa simu. Ukimpa mtu mwanya wa namna hiyo, lazima siku moja aulize kama kibaniko cha mkate nacho kitaingia. Kompyuta yenyewe iliendeshwa na betri mbili za AAA, kwa hiyo huo mkate ungebaki mweupe vilevile. Mwaka 2014 Oscar Mayer, kampuni ya nyama, ikaenda mbali zaidi: kidude cha kuchomeka kwenye tundu la spika za masikioni la iPhone, kengele ya asubuhi ikilia kinatoa harufu ya nyama ya nguruwe inayokaangwa, na simu inatoa mlio wa mafuta yanavyochachatika. Harufu ya kitimoto, kitimoto chenyewe hakuna. Angalau wao walijua kwamba wanatania.

Kifeni sasa. Kina mapanga mawili laini ya mpira na ncha ya Type-C inayoingia moja kwa moja kwenye simu, kwa chini. Kimetengenezwa kumpepea mtu usoni, lakini boksi langu lilikuwa na picha ya mtu anachoma mishikaki, nikasema nikijaribu jikoni. Umeme kinaotumia ni mdogo, simu haikulalamika hata kidogo. Na kinafanya kazi, sitakinyima haki yake: ukikielekeza kwenye mlango wa jiko, mkaa unashika bila kuumiza mkono kwa kipande cha boksi.

Shida ni kwamba kifeni kiko kwenye simu, kwa hiyo simu nayo inachuchumaa pamoja nawe mbele ya jiko. Majivu yanapanda. Cheche zinaruka. Nikiwa katikati ya kazi simu ikaita, kioo kimejaa vumbi jeupe, kidole hakishiki. Shangazi alikuwa anamenya vitunguu pembeni, akaniangalia muda mrefu bila kusema kitu. Mwishowe akanena, "Mwanangu, hiyo simu ikiingia majivu utampigia nani aje akupepee?" Nikahamishia kifeni kwenye pawa benki na mambo yakawa shwari. Shangazi alishaokota kipande chake cha boksi na jiko la pili lilikuwa linawaka.

Kipimajoto ndicho nilichokiacha jikoni kwa kudumu. Ni sindano nene ya chuma, ina betri yake ndogo ndani, na inaongea na simu kwa Bluetooth. Simu haikipi joto wala umeme. Inasoma namba na kupiga kelele muda ukifika. Mwaka 1991 watu wa maabara ya kompyuta pale Cambridge walifanya kitu cha aina hiyo: waliweka kamera mbele ya birika la kahawa ili kila mmoja aone kutoka mezani kwake kama kahawa ipo. Kompyuta iliangalia tu, kahawa ikapikwa na mashine ya kahawa.

Kuku mzima wa oveni ndiye aliyeniridhisha. Unaichoma sindano kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, unaweka nyuzi 74, unaenda sebuleni. Ikilia, nyama imeiva mpaka ndani na kidari hakijakauka. Zamani nilikuwa nampasua kuku katikati kuangalia kama kuna damu, na mchuzi wote unabaki kwenye trei.

Kasoro zipo. Programu yake ilikuja kwa Farenihaiti, ukiona 165 usishtuke, badilisha kwenye mipangilio. Ukuta wa tofali kati ya jiko na sebule hupunguza mawasiliano. Na kile kichwa kinachobaki nje ya nyama hakipendi moto wa moja kwa moja, kwa hiyo mishikaki juu ya mkaa wazi sikushauri.

Nililipa 15,000 kwa kipasha, 5,000 kwa kifeni na 85,000 kwa kipimajoto. Hicho cha mwisho kifungulie boksi palepale dukani na ukiunganishe na simu yako kabla hujatoa hela, maana programu nyingine hugoma kwenye Android za zamani.