Gundi ya kubandikia bati la alumini kwenye gari la kulala: uzoefu wangu, Mombasa

Gari letu ni basi dogo kuukuu ambalo mimi na mume wangu tuliligeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji. Hulala nje huku Mtwapa, karibu na bahari, na upepo wa chumvi ndio uliolimaliza. Bati la ubavuni lilivimba kila mahali riveti za chuma zilipogusa alumini. Metali hizo mbili zikikutana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ukibandua unakuta unga mweupe. Basi nikaamua nitabandika kwa gundi, nisitoboe tena.

Nilianza na gundi ya kopo, ile ya manjano ya mafundi viatu. Ilishika papo hapo, nikafurahi. Wiki ya tatu, kwa jua la Februari, bati likaanza kuachia kuanzia juu, maana gundi ile hulainika kwa joto. Fundi mmoja wa Changamwe akaniambia, “Mama, weka epoksi, hiyo haitoki.” Nguvu inayo kweli, lakini ikikauka huwa kama jiwe, na hapo ndipo nilipokaa nikapiga hesabu. Bati la mita 2.4 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka kama milimita 2.2. Fremu ya chuma chini yake hurefuka kama nusu ya hapo. Kila siku, asubuhi hadi jioni, vitu viwili vinavutana; gundi isiyonyumbuka itapasuka au itaachia. Silikoni yenye harufu ya siki sikuigusa kabisa, kwa sababu asidi yake hula metali.

Niliyochagua ni Sikaflex-252, gundi ya poliyurethani ya kuundia magari, ambayo hata ikikauka hunyumbuka kama mpira. Bei inauma ukilinganisha na kopo la gundi ya viatu. Duka la kwanza walinipa tyubu iliyopitwa na tarehe, imeshaganda ndani, kwa hiyo soma tarehe kabla hujalipa.

Kazi kubwa ni maandalizi. Nilipiga msasa alumini na fremu hadi mng’ao ukaisha, nikafuta kwa asetoni na kitambaa safi, nikageuza kitambaa kila mara, kisha nikapaka prima, ile dawa ya kwanza ya kuifanya gundi ishike. Usichelewe hapa, kwa sababu alumini huanza kujifunika tena utando wake mara tu inapokutana na hewa. Mdomo wa tyubu niliukata umbo la V ili gundi itoke kama mgongo wa pembetatu, si kupakwa kama siagi. Ukiibamiza ikawa nyembamba, haina pa kunyumbukia. Nilikata vipande vya mpira wa tyubu ya gurudumu, nikavipachika kila baada ya hatua ili ibaki na unene wa milimita 3 hivi.

Gundi hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na Mombasa unyevu hatuuombi. Ngozi ya juu ya gundi ilianza kushika kabla nusu saa haijaisha, kwa hiyo tulikuwa watu wawili, bati tayari mikononi. Tulilibana kwa mbao na kamba usiku kucha, na gari hatukulitoa barabarani kwa wiki nzima. Jambo moja lilinistua: nilitaka kufuta gundi mbichi ukingoni kwa spiriti, mume wangu akanizuia. Spiriti huiharibu isikauke. Tuliikata kwa wembe baada ya kukauka, kisha tukaipaka rangi, kwa sababu jua la moja kwa moja huichakaza.

Masika mawili yamepita, na barabara ya Kilifi tumeipita mara nyingi. Halijaachia, halipigi kelele, maji hayaingii. Isipokuwa pembe moja ya nyuma, chini, upana wa kiganja, ambapo kiza kilinikuta nikaruka msasa. Hapo limeinuka. Nimeshanunua waya wa gitaa wa kuikatia gundi ya zamani, na Jumamosi nitaanza upya na msasa.